Miche Iliyopokelewa Kwenye Karatasi

Nilimwona Mratibu kabla yeye hajaniona. Alikuwa safu ya mbele chini ya hema la wageni, nyumbani kwa Mama Selfa pale Khayega, amevaa suti ya rangi ya majivu, na magotini amepakata kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi inayong'aa. Tulikuwa tumekuja kumzika Mama Selfa. Mimi nilikaa nyuma, karibu na masufuria, pamoja na akina mama wa kikundi chake cha kitalu. Kando yangu alikuwa Nambozo, aliyevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka upande wa Uganda wa Mlima Elgon akiwa na kapu la malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi. Mama Selfa aliyapenda malewa, na Nambozo hajui kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata mtu huyo akiwa jenezani. Aliponiona nikimkodolea macho Mratibu, alinigusa goti. "Nyabo, ni yule?" akauliza, akiniita bibi kwa namna ya Uganda. Nikasema ni yule. Akatazama suti, akatazama ile zawadi, kisha akarudi kuchambua malewa. "Amenenepa," alisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa karani wa mradi wa hifadhi aliouongoza yeye. Ofisi ilikuwa mjini Kakamega, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa za mifugo, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kupe mgongo wangu hunyooka wenyewe kama niko kazini. Kulikuwa na vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa cha Mratibu, chenye kapeti na birika la umeme. Cha nje kilikuwa changu, chenye dawati, kabati lisilofungika na ukuta uliobeba ramani. Ramani zenyewe zilikuwa mbili, moja ya serikali yetu na moja ya serikali ya Uganda, zimeunganishwa katikati kwa selotepu ili kuonyesha hifadhi ya pamoja tuliyokuwa tunaijenga: mlima mmoja, misitu ya pande zote mbili, na msitu wetu wa Kakamega kama mkia wa ule msitu mkubwa ambao zamani ulitambaa kutoka Kongo, ukapita Uganda, ukafika mpaka kwetu. Lakini ramani hizo hazikuchorwa kwa kipimo kimoja. Pale zilipokutana, mlima ulikatika. Mto uliotoka Uganda uligonga selotepu ukaishia hapo, na wa kwetu ukaanzia mahali pengine, chini kidogo, kama uliokuwa haujawahi kusikia habari za mwenzake. Nilimwonyesha Mratibu wiki ya kwanza. "Karani," aliniambia, akikoroga chai, "hiyo ni ya wageni kupiga picha."

Ningepaswa kuondoka siku hiyo. Sikuondoka, kwa sababu kila Jumatano nilitumwa Khayega kuchukua ripoti ya kitalu, na kitalu ndicho kilichonifanya niamini kwamba kulikuwa na mradi. Mama Selfa ndiye aliyekiongoza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya barabara bila kupandishwa, na alikuwa na jambo moja tu kichwani mwake: mukombero. Mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa mukombero. Ni ule mzizi unaouzwa vitita vitita stendi na sokoni, unaotafunwa ukaacha ladha tamu na ubaridi ulimini, na wauzaji huuinua mbele ya wanaume na kuuliza, "Mzee, nyumbani kuko sawa?" Mama Selfa alizidharau sana kelele hizo. "Wanaume hufikirianga ni yao," alisema. "Sisi tunatafunanga tusisinzie kwa maombi." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akalazimika kuketi juu ya kopo la maji. Lakini mukombero ulikuwa umeisha msituni. Watu waling'oa mmea mzima, mzizi, shina na watoto wake, wakabaki kununua mizizi iliyotoka Uganda. Kakamega nzima ilikuwa inatafuna Uganda bila kujua.

Mama Selfa alikuwa na namna yake ya kuuchimba, na aliitaka ifuatwe kama sheria. Huendi na jembe. Unakwenda na kijiti cha mti mgumu, unafungua udongo upande mmoja tu wa mmea, unachukua mizizi ya upande huo, ule mwingine huugusi. Kisha unavua kiatu, unarudisha udongo, unaukandamiza kwa kisigino kitupu, kwa sababu kiatu hakijui udongo ukishakaza vya kutosha. Siku Nambozo alipokuja mara ya kwanza na ujumbe wa Uganda, mradi ulipanga kikao kizima hotelini kuhusu mbinu za pamoja za uvunaji. Wataalamu walizungumza tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Alasiri tuliwapeleka kitaluni, na Mama Selfa, aliyechoka kusikia, akamwonyesha mgeni mmea mmoja akampa kijiti. Nambozo akafungua upande mmoja. Akachukua mizizi miwili. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akavua ndala yake, akarudisha udongo na kuukandamiza kwa kisigino. Mama Selfa alimtazama mguu, akamtazama uso, akaanza kucheka, na Nambozo naye akaanza. Kila mmoja alizungumza lugha ya kwao, mmoja Kiisukha, mwingine Kimasaba, na kwa maneno yanayofanana walielewana kuliko sisi tulioelewana kwa Kiingereza. Hilo halikuingia katika ripoti yangu. Hapakuwa na sehemu ya kulijaza.

Makubaliano yao yalifanyika jikoni kwa Mama Selfa, juu ya obusuma, ugali wetu, na likhubi, mboga ya majani ya kunde, Nambozo akiwa amekalia kigoda na mimi nikiwa mkekani kati yao. Kikundi cha Nambozo kingepanda mbegu, kikuze miche mpaka ipate nguvu, kisha kiilete Kakamega mvua ikianza. Mama Selfa kwa upande wake angewazuia wanawake wa Khayega wasichimbe msituni msimu mzima, ili mimea michache iliyobaki ipumzike. "Unajua unaniomba nini?" alimwuliza Nambozo. "Hawa wakiacha kuchimba, watanitazama mimi. Miche isipokuja nitawaambia nini?" Nambozo akajibu, "Itakuja. Nitaileta kwa mkono wangu." Mama Selfa akanigeukia. "Na wewe, Karani, karatasi zenu zitaruhusu?" Nikasema zitaruhusu. Nilisema haraka, mdomo ukiwa umejaa ugali, kama msichana anayeulizwa kama ameshiba.

Wale wanawake waliacha kuchimba. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu katika vitabu vya mradi hakuna mahali linaposemwa. Hawakuwa na askari aliyewazuia. Walimpa Mama Selfa neno, wakakaa nalo tangu kiangazi hadi mawingu yalipoanza kujikusanya, huku wanaume wa stendi wakiwauliza kama wameokoka. Waliandaa vitanda vya udongo chini ya kivuli cha majani ya migomba, vimepangwa sawasawa kama vitanda vya bweni. Binti yake Mama Selfa, Jentrix, ambaye hakuwahi kuniamini hata siku moja, alivihesabu mbele yangu akasema, "Mahali pa kulala papo. Mgeni ndiye tunangoja." Upande wa pili miche ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa barua moja, ya kuomba ruhusa ya kuingiza mimea nchini. Niliichapa mwenyewe. Ilikaa juu ya meza ya Mratibu wiki mbili na siku kadhaa bila sahihi, nami nitasema kwa nini, maana kwa miaka yote hii nimekuwa nikitafuta sababu iliyo kubwa zaidi na sijaipata. Kamati ya Kenya na kamati ya Uganda hazikukubaliana ni bendera ya nani itakayokuwa upande wa kushoto juu ya karatasi.

Bendera! Vikombe vya chai viliwekwa juu ya barua hiyo vikaiachia duara. Simu zilipigwa, mtu akapendekeza bendera zikae moja juu ya nyingine, wakauliza basi ya nani itakuwa juu. Na huko kwenye miteremko ya Elgon kulikuwa na kreti za miche zinazomwagiliwa asubuhi na jioni na wanawake ambao hawakuwa na habari kwamba uhai wa kazi yao ulikuwa umewekwa chini ya kikombe.

Siku ya mkutano mkuu ilipangwa bila kuingoja barua, kwa sababu hoteli ilikuwa imeshalipiwa, na Nambozo akaambiwa alete miche siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyoifanya. Ofisi yetu ilikuwa na desturi: kumbukumbu za mkutano ziliandikwa kabla ya mkutano. Mratibu aliniambia mapema kabisa, kama mtu anayefundisha mwanagenzi siri ya ufundi. "Wageni wakishakula hawasainingi kitu. Wanatafuta gari tu. Karatasi iwe tayari kabla ya chakula." Kwa hiyo siku mbili kabla, dirishani, harufu ya dawa ya kupe ikipanda kutoka chini, niliandika nani alifungua kwa maombi, nani alimshukuru nani, na chini ya kipengele cha sita nikaandika hivi: "Miche ya mukombero kutoka Uganda ilipokelewa ikiwa katika hali nzuri na kukabidhiwa kikundi cha akina mama wa Khayega, ambao waliipanda kwa furaha." Nililipenda neno furaha. Nilikuwa naandika hadithi fupi wakati huo, nazificha kabatini, na niliona sentensi hiyo imetulia vizuri.

Mkutanoni kulikuwa na maua ya plastiki na mabango yenye picha za mikono inayosalimiana. Harufu ya kuku wa kukaanga ilipoanza kuingia ukumbini, Mratibu alinikonyeza, nikaanza kuzungusha karatasi. Wakubwa walitia sahihi bila kusoma. Nikafika kwa Mama Selfa, aliyekaa mwishoni, viatu vyake vipya vikiwa kando ya miguu yake. Hakuwa amesoma shule. "Hapa panasema nini?" aliuliza. Nikamsomea. Akasema, "Lakini haijafika."

"Iko njiani, mama. Itafika leo jioni."

"Basi ngojeni jioni tuandike."

"Jioni wageni watakuwa wamekwenda."

Alimtazama Mratibu aliyekuwa amesimama karibu na mlango akitazama saa. Kisha alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyostahimili, na nikatazama karatasi. "Karani akisema itafika," alisema, "itafika." Akatia dole gumba kwenye wino wa zambarau, akalibonyeza pale nilipomwonyesha, akalizungusha kidogo ili mistari yote itoke. Nilimpa karatasi laini ajifute. Alikula mchana huo vipande viwili vya kuku, kimoja akakifunga kwenye kitambaa ampelekee Jentrix, na kabla hajamaliza kukifunga simu yangu iliita. Alikuwa Nambozo. Lori lilikuwa limezuiwa mpakani. Ofisa alikuwa anataka barua.

Nilidhani tutaisaini barua jioni hiyo na mambo yaishe. Mratibu alinitazama kama niliyemwomba avue shati. Alinieleza kwa upole, na upole huo ndio ninaouchukia hadi leo, kwamba barua haiwezi tena kutiwa sahihi. Nchi mbili zimeshatia sahihi kwamba miche imeingia. Tukiomba leo ruhusa ya kuiingiza, tutakuwa tunasema mkutano ulidanganya. "Tutafute njia nyingine," alisema. "Twende polepole." Siku ya tatu nilimchukua Mama Selfa tukaenda mpakani wenyewe, tukiwa na nakala ya zile kumbukumbu, kwa ujinga wangu wa kufikiri kwamba muhuri wa mradi ungetusaidia. Ofisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alituketisha, akasoma ukurasa wote, jambo ambalo mkutano mzima haukulifanya, akafika kipengele cha sita akakuna shingo. "Mama, hapa inasema miche yenu mlishapokea mkapanda."

"Haijapandwa. Si ndiyo hiyo naona pale kwa ile stoo?"

"Sasa hiyo ya stoo ni ya nani? Yenu iliingia. Si hii ni dole yako?"

Mama Selfa alitazama dole lake kwenye karatasi. "Ni yangu," alisema.

Miche ilikuwa ndani ya banda la mabati. Walituruhusu kuiona kupitia wavu. Nambozo alikuwa upande wa pili, amelala mpakani siku tatu kwa mtu wa kabila lake, akiwaomba walinzi wamruhusu aingize maji. Siku nyingine walimruhusu, siku nyingine zamu ilibadilika. Majani yalikuwa yamelegea na kujikunja kingo. Wale wanawake wawili walizungumza kupitia wavu kwa sauti ya chini kama watu walio wodini, na sikuweza kuwakaribia. Jua liligonga mabati. Siku ya kumi na moja Nambozo alipiga simu akasema nisimlete tena Mama Selfa, hakuna cha kuona.

Khayega, wanawake walimsikiliza Mama Selfa chini ya kile kile kivuli cha majani ya migomba, mbele ya vitanda vitupu. Hawakumtukana. Mmoja aliuliza tu, "Kwa hivyo tulingojea nini?" na kesho yake wakaingia msituni. Waliingia na majembe. Baada ya msimu wa kungoja walichimba kwa hasira ya watu waliofanywa wajinga, na ile mimea iliyokuwa imepumzika ilitoka yote, na mizizi yake na watoto wake. Nilimkuta Mama Selfa kando ya shimo moja, na kijiti chake mkononi, hana pa kukitia. Nilianza kulia na kuomba msamaha. Hakuutaka msamaha wangu. Alitaka nimsomee tena kipengele cha sita. Nilikuwa na nakala mkobani, nikasoma. Akasema, "Soma tena, polepole." Nikasoma tena, mpaka kwenye furaha. Alitikisa kichwa. "Imeandikwa vizuri sana," alisema, akaondoka.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi huo. Nimeandika riwaya tatu tangu siku hiyo, na watu hunisifu kwa sentensi zangu, na kila ninaposifiwa husikia sauti yake kando ya lile shimo. Mradi uliendelea. Uliandika vitabu vya kurasa laini vyenye picha ya mlima, na ndani ya kila kimoja, nilichungulia, ilikuwemo miche iliyopokelewa ikiwa katika hali nzuri. Sentensi yangu ya kwanza kuchapishwa ilikuwa hiyo. Nimewasikia wataalamu wakieleza kwamba majirani hawa wawili hawajui kushirikiana, kwamba watu wa vijijini wanahitaji kuelimishwa kuhusu mipaka na mazingira. Nakasirika. Walioshirikiana walikuwa kitaluni, wamevua viatu. Sisi wa mjini ndio tulioweka ukuta pale, na ukuta wenyewe ulikuwa karatasi, na aliyeichapa ni mimi.

Sasa, chini ya hema, mshereheshaji alimwita Mratibu atoe neno. Alisimama, akatusalimu kwa jina la Bwana, akafungua ile karatasi inayong'aa. Ilikuwa fremu yenye kioo. "Familia," alisema, "tumewaletea ushahidi wa kazi ya mama yenu. Hapa kuna dole lake mwenyewe." Akaanza kusoma: miche ya mukombero kutoka Uganda ilipokelewa. Alisoma kwa sauti nzuri. Nambozo aliacha malewa. "Anasema nini huyo?" aliuliza. Nikamweleza. Aliniangalia. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi si ungesimama?"

Nilisimama. Nilisema mimi ndiye niliyeandika sentensi hiyo, siku mbili kabla ya mkutano, na kwamba miche haikufika, ilikauka mpakani, na mama huyu aliyeileta kwa mkono wake amekaa hapa. Nilisema Mama Selfa alikataa, mimi ndiye niliyemshawishi. Mshereheshaji alikohoa kwenye kipaza sauti akasema muda wetu ni mfupi. Mratibu alinijia pembeni mwa hema, jasho likimtoka usoni. "Karani, mambo kama haya watu huambiana kando."

"Nilikwambia kando," nilisema. "Ukasema twende polepole."

Jentrix alikuwa ameshaichukua ile fremu. Nilidhani ataivunja. Akaigeuza, akakunjua vibanio vya nyuma kimoja kimoja kwa ukucha, akatoa kioo akakilaza nyasini, akatoa ukurasa. Aliukunja chini ya kipengele cha sita, akaulamba mkunjo kwa ulimi, akauchana taratibu kuzunguka ile alama ya zambarau mpaka ikabaki mkononi mwake, kipande kisichozidi stempu. Akakitia ndani ya kitambaa chake, akakifunga fundo. Kisha akaupanga ukurasa uliobaki ndani ya fremu, kioo juu yake, tundu likionekana, na kumrudishia Mratibu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni chakula.

"Dole ni ya mama," alisema. "Hiyo ingine ni yenu."